Kelele za Mama

Mwanangu Deo alikuwa amekaa kizingitini, amenipa mgongo, masikio ameyaziba kwa vile vidude vya simu. Nilimwita anisogezee kuni. Kimya. Nikaita tena, safari hii kwa sauti ambayo majirani zangu wa hapa Nyarubungo wanaijua vizuri, maana mimi nikipaza, kuku wa nyumba ya tatu wanainua shingo. Kimya vilevile. Nikatoka jikoni na mwiko wangu mkononi, nimekwishapanga maneno ya kumpa, mtoto asiye na adabu, anajifanya hamnazo mbele ya mama yake. Halafu nikauona ule mgongo. Umeinama kidogo, umetulia, haujui kabisa kwamba nyuma yake kuna mtu anaita.

Nikaushusha mwiko. Nikazunguka mpaka mbele yake, nikamgusa bega. Akashtuka, akachomoa kimoja.

"Mama, kwani uliniita?"

"Nilikuita."

"Samahani jamani, sikusikia."

Nikamwambia haidhuru, nikarudi jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikalia mpaka maharage yakaungua. Deo alikuja na kuni akanikuta hivyo, akadhani ni moshi. Nikamwacha adhani hivyohivyo. Wenzangu wa rika langu mtanielewa, kuna mambo hata mtoto uliyemzaa mwenyewe hujui uanzie wapi kumsimulia.

Mimi nilizaliwa Ngara, kwenye kilima kimoja upande wa Bukiriro, nyumba katikati ya migomba na kishamba cha kahawa nyuma yake. Kiswahili tulikikuta shuleni. Mwalimu wetu alikuwa na mapenzi ya ajabu na maneno ya fujo, akatufundisha kwamba zogo ni la wanaobishana, vurumai ni pale ngumi zinapoingia, na tafrani ni pale hata aliyeanzisha hajui tena alianzisha nini. Tulikuwa tukicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu maneno yote yale nilidhani yametungwa kwa ajili ya nyumba yetu.

Baba alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, na kilimani alikuwa anaheshimika. Watu wakigombania mpaka wa shamba, yeye alikuwa mmoja wa wazee wanaoitwa kuamua. Mama sasa! Mama alikuwa na mdomo. Asubuhi kabla jogoo hajamaliza, yeye ameshaanza, na anaanza kwa juu. "CHAI IPO HAPA! NASEMA CHAI, BABA GENEROZA!" Generoza ndiye mimi. Kilima kizima kilimwita Redio. Wanawake wakimsikia kutoka kisimani walikuwa wakiambiana, "Haya, Redio imefunguliwa," na yeye mwenyewe akiambiwa alikuwa anacheka, anasema redio ya kwake haili betri.

Kilichonitia aibu zaidi ni wageni. Mgeni, tuseme balozi wetu wa nyumba kumi, anaongea na baba uso kwa uso, anasema kikao ni Jumamosi, na mama aliyekaa pembeni akichambua maharage anadakia kwa sauti ya kupasua kichwa, "BALOZI ANASEMA KIKAO JUMAMOSI!"

"Mama Generoza, si nimemwambia mwenyewe sasa hivi?"

"Huyu mpaka aambiwe mara mbili. Wanaume ndivyo walivyo."

Wageni walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa natamani ardhi inimeze. Niliamini kabisa kwamba mama yangu ni mgomvi, kwamba anamfokea baba kutwa kucha, na kwamba baba anavumilia tu kwa sababu ya upole wake. Niliapa kimoyomoyo kwamba nikikua nitakuwa mwanamke wa sauti ya chini.

Na baba nilikuwa nimeshamtafutia maelezo yake. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akiitwa asigeuke, mbwa wanabweka nyuma yake naye anaendelea kushona jamvi. Nikajua. Watu wazima, wakishakuwa na akili nyingi, wanaweza kufunga masikio kama sisi tunavyofunga macho. Kelele zikizidi, wanayafunga, wanapumzika. Nilimwonea baba fahari kwa uwezo ule. Nilikuwa najaribu na mimi kitandani, nakaza uso mpaka machozi yananitoka, lakini sauti ya mama iliingia tu.

Sasa lazima niwaeleze habari ya nduru, kwa wale mliokulia mjini. Kwetu nduru ikipigwa, iwe ya mwizi, ya moto au ya mgonjwa, kila aliyeisikia anaacha alichoshika na kukimbia inakotokea, huku naye akiipiga ili wa mbele wasikie. Hakuna kuuliza ni kwa nani. Asiyekwenda anakuwa na kesi, maana kuna sababu mbili tu za kutokwenda: ama ana dharau, ama yumo kwenye njama. Sababu ya tatu hakuna aliyewahi kuiwaza.

Siku moja mchana, tukiwa darasani, nduru ikaanza upande wa kwa balozi wetu, Mzee Batholomeo. Wezi walikuwa wamewaswaga ng'ombe wake kuelekea mpakani. Mwalimu alitupa chaki akatoka mbio. Kilima chote kilitoka mbio. Ng'ombe hawakupatikana, na Petro, mtoto wa kiume wa balozi, alikatwa panga mkono wa kulia, mkono ambao haukufanya kazi tena. Watu wanarudi na Petro wamembeba, nguo zimelowa damu, wanapita kwenye njia ya juu ya shamba letu, wanamkuta nani? Baba. Amewapa mgongo, anapogolea migomba yake taratibu, anakata jani, analiweka, anakata lingine. Mama siku hiyo alikuwa sokoni.

Mimi niliporudi kutoka shuleni nilimkuta bado yuko kwenye migomba. Aliniona nikiwa mbele yake, akatabasamu. "Leo mmerudi mapema," akasema. Nikajua alifunga masikio. Alichoka, akayafunga.

Wakamwita barazani. Watoto tulichungulia kwenye ua wa matete. Mzee Batholomeo alisimama na fimbo yake, akazungumza akiwa ameinamisha uso, kwa uchungu, sauti inatokea kifuani. Leo najua alikuwa anasema maneno ya upatanisho. Alikuwa anamwambia baba atamke tu kwamba amekosa, alete mbuzi na mtungi wa pombe ya ndizi, yaishe. Baba alikuwa anamtazama mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa umejificha kwenye ndevu. Mzee alipofika kwenye mbuzi, akanyoosha fimbo upande wa nyumba yetu. Baba akaitazama fimbo. Akainuka, akakung'uta suruali yake, akainamisha kichwa kwa heshima, akaondoka zake kwenda nyumbani.

Ile ndiyo vurumai aliyokuwa anaisema mwalimu. Watu waliruka, vigoda vikapinduka, mmoja akawa anashikwa asimfuate. "Anatupa kisogo! Balozi bado anazungumza anatupa kisogo!" Na mama, aliyekuwa nyuma na wanawake wengine, siku hiyo redio ilizimika kabisa. Alisimama amejiziba mdomo kwa khanga. Alikuwa ameapishwa asiseme. Nilikuja kuyajua hayo ukubwani, baba alinieleza mwenyewe: alimwambia mama, siku utakapowaambia, mimi nitakuwa mtoto mbele yao, hakuna atakayeniletea kesi ya mpaka tena, watakuwa wananicheka usoni kwa sababu wanajua sisikii. Mama akanyamaza, kwa ajili ya heshima ya mumewe.

Tukatengwa palepale, hata mbuzi hakutakiwa tena. Kutengwa kwetu hakuna matusi wala mawe. Watu wanakuona kama hewa. Hupewi moto, huazimwi jembe, kisimani wanakaa kando mpaka umalize. Ukipiga nduru haiitikiwi, na atakayeitikia naye anatengwa. Siku ya kwanza nilikutana na Mzee Batholomeo njiani, nikapiga magoti kidogo kama nilivyofunzwa.

"Shikamoo babu."

Akapita. Nikadhani hakusikia, nikamkimbilia, nikarudia. Akapita. Shikamoo ya mtoto isiyoitikiwa ni kitu kibaya sana, hujui uirudishe wapi. Nilibaki pale njiani na mkono wangu kichwani mpaka alipopotea kwenye kona.

Lakini nitasema kweli, siku nyingine niliufurahia ule utulivu. Hakuna mgeni, hakuna kutumwa kuleta vigoda, hakuna anayemwita mama Redio. Mama tu ndiye hakuukubali. Akifika kisimani alikuwa anasalimia kama kawaida, "Habari za kuamka, mama zangu?" na kimya kikirefuka anajijibu mwenyewe, "Njema, sijui kwako!" anajitwika ndoo, anaondoka akiimba. Nilipoangalia nyuma nilimwona Mama Skolastika, rafiki yake wa tangu usichana, anafuta macho.

Na mama alikuwa mjamzito.

Hapo ndipo penyewe. Kwetu hospitali ilikuwa mbali, ni ya misheni, na gari lilikuwa kitu cha kusikia. Mama mjamzito akizidiwa anabebwa kwenye ingobyi, ile machela ya miti na kamba, wanaume wanapokezana mabegani mpaka hospitali. Ingobyi ni ya kilima, inakaa kwa balozi, inatoka kwa wanakilima tu. Mama alilijua hilo. Nilimsikia akimwambia baba chumbani, na baba hakuwa na haja ya kumwomba apunguze sauti kwa kuwa jirani wa kusikia hakuwepo, "NITABEBWA NA NANI? NIAMBIE, NITABEBWA NA NANI MIMI?" Baba akajibu kwamba atambeba mwenyewe mgongoni. Mama akacheka, halafu akalia. Mimi nikasema moyoni, haya, wanagombana tena.

Siku ilipofika ilikuwa mchana wa mawingu. Baba alikuwa chini bondeni kwenye maharage. Mama alikuwa anaanika mtama uani, ghafla akashika nguzo ya kibanda. Akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kimbia kwa Mama Skolastika. Mwambie nimekuomba yeye. Mwambie siyo kawaida." Kulikuwa na damu mguuni kwake. Nilikimbia nikavuka bonde, nikapanda ng'ambo ya pili, na wakati napanda nikasikia nyuma yangu mama ameanza kupiga nduru.

Nilimkuta Mama Skolastika amesimama nje na wanawake wengine, na Mzee Batholomeo amekwishatoka kwake yuko pale. Kutoka hapo uwanja wetu unaonekana wote. Tulimwona mama amepiga magoti kwenye mtama, ameshika nguzo, anaita. Na chini yake, kwenye maharage, mahali ambapo ungemtupia mtu ndizi akaidaka, tulimwona baba. Amempa mgongo. Analima.

"Mama Skolastika, mama anakuomba. Amesema siyo kawaida."

Hakunijibu. Mwanamke mmoja akasema, "Tazama moyo wa mtu yule. Mke wake mwenyewe!" Mwingine akatema mate. Mzee Batholomeo alikuwa ameikamata fimbo kwa mikono miwili. Mama akaita tena, na jembe la baba likapanda, likashuka.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Baba! Fungua masikio! Baba, fungua!"

Mama Skolastika akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tutengwe mtu mzima ananitazama usoni. "Umesemaje wewe?"

"Amefunga masikio. Huwa anayafunga."

"Anayafunga lini?"

"Kila siku."

"Hata ukimwita wewe?"

"Hata mimi. Mpaka mtu aende mbele yake. Au mama apige kelele sikioni."

Alinitazama, akamtazama mzee, akatazama kule bondeni. Nikaona uso wake unabadilika. "Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, Redio. Yule mtu hasikii. Mzee, yule mtu hasikii!" Hakungoja ruhusa ya mtu. Alifunga khanga kiunoni, akaachia nduru ambayo mpaka leo iko masikioni mwangu, akateremka bondeni mbio. Wenzake wakamfuata. Nduru ikapokelewa juu, ikapokelewa kushoto, kilima kizima kikaitika. Na Mzee Batholomeo, mzee yule, alirudi kwake akatoka na ingobyi ameibeba mwenyewe, na Petro ameishika upande wa pili kwa mkono wake mmoja mzima.

Baba aliwaona walipokuwa wameshafika juu ya maharage yake. Watu wote wale, midomo wazi, wanamjia mbio. Alidhani wamekuja kumpiga. Aliinua jembe ajikinge. Watu wakampita kama maji yanavyopita jiwe, hakuna aliyemgusa, naye akazunguka na jembe lake juu, anatafuta wanakwenda wapi, ndipo akamwona mama.

Walimbeba. Nilifuata nyuma, hakuna aliyenifukuza. Baba alikuwa anatembea ubavuni mwa ingobyi, mkono juu ya mti wake, na mama alikuwa anapiga kelele, anaita majina ya watu, anamwita Mama Skolastika, ananiita mimi. Tulipofika kwenye mteremko wa mwisho, mnara wa kanisa la misheni umeshaonekana, mama akanyamaza.

Sote tulisikia kwamba amenyamaza. Wabebaji walisikia, hatua zao zikapungua. Wanawake wakaacha kuongea. Kilikuwa kimya ambacho hata ndege nadhani walikisikia. Isipokuwa baba. Baba aliendelea kutembea na mwendo uleule, anaangalia mnara, anawahi, na mkono wake ukawa unauvuta ule mti kwenda mbele huku wenzake wamesimama. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumgusa bega. Mwishowe aligeuka mwenyewe kuona kwa nini wanamchelewesha.

Mtoto pia hakuishi. Alikuwa wa kiume.

Walikuja wote mazikoni. Sijaona zogo la kilio kama lile tangu hapo, watu waliokuwa hawatusalimii walijibwaga chini kwenye majani, wanajipiga vifua, wanawake wakimwita Redio, Redio, fungua mdomo useme neno. Baba alikaa kwenye kigoda karibu na kaburi. Macho yake yalikuwa yanahama kutoka uso mmoja kwenda mwingine, kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, kama mtu anayetafuta kitu chake sokoni. Nami nilikuwa namtazama yeye, na nadhani ni siku ile ndipo utoto wangu ulinitoka. Nikaelewa kwamba hakuwahi kufunga kitu. Nikaelewa chai, na kikao cha Jumamosi, na kelele zote za asubuhi. Mama hakuwa anamgombeza mtu. Alikuwa anambebea dunia nzima mdomoni, anamletea.

Mzee Batholomeo alisimama mbele ya watu. Alivua kofia. Alizungumza kwa muda mrefu, machozi yanaingia kwenye ndevu zake. Alisema sisi tumekosa. Alisema tulimhukumu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda, na mke wake amelipa. Alisema mbuzi atatoka kwake yeye balozi, na kwamba mbele ya Mungu na mbele ya kaburi hili anamwomba mwenye nyumba msamaha. Watu wakalia upya. Kisha wakanyamaza wote, wakamgeukia baba, wakangoja.

Baba alikuwa anatazama udongo. Hakuwa amesikia hata neno moja.

Nikaona watu wameanza kutazamana, na Mzee Batholomeo amebaki na kofia mkononi, kama mimi siku ile njiani na shikamoo yangu. Hakukuwa na mama wa kudakia. Nikatoka kwenye mapaja ya Mama Skolastika, nikaenda mpaka kwenye kigoda, nikaweka mdomo wangu kwenye sikio la baba. Nikapaza sauti, mbele ya watu wote, kwa juu, kama alivyokuwa anapaza mama.

"BABA! BALOZI ANASEMA WAMEKOSA! ANASEMA WANAKUOMBA MSAMAHA!"

Baba akainua uso. Akawatazama, mmoja mmoja, watu wazima wa kilima kile, na wote wakainamisha macho. Halafu akanishika mkono, akaongea kwa ile sauti yake ya chini ambayo hakuwa na namna ya kujua ni ya chini kiasi gani.

"Waambie nimesikia."

Nikageuka, nikawaambia.